Siku moja maishani mwangu: mshona viraka na karavani inayovuja

Nikimwambia mtu kwamba nashona mifarishi ya viraka, husikia neno la mwisho tu. Viraka. Macho yake yananionea huruma, kana kwamba nimesema nazibia watu suruali zilizotoboka magotini. Akiuona mfarishi wenyewe umetandikwa, blanketi zima la vipande vya kitambaa vilivyoungwa, nyota zake zimekutana ncha kwa ncha, hugeuza maneno: "Aa, kazi nzuri hii ya kutuliza akili!" Huyu wa pili ananichosha kuliko yule wa huruma. Basi nawaandikia siku yangu moja, ya kuamkia safari, mje mtulize akili pamoja nami.

Saa 11 alfajiri. Naamka kabla ya wote kwa sababu ya kukata. Kisu changu ni gurudumu dogo lenye makali kuzunguka lote, linapita kwenye pamba iliyokunjwa mara nne kama halijakutana na kitu, na kwenye kidole halibagui. Watoto wakiwa macho sikishiki. Leo nakata tepe za ukingo wa mfarishi wa mteja, inchi 60 kwa 80. Umeshaunganishwa, umeshapigwa bandi, yaani kushikizwa kwa muda (pini 300, magoti yangu ni shahidi) na tabaka zake tatu, yaani juu, pamba ya kati na mgongo, zimeshashonwa pamoja. Mzunguko wake ni inchi 280. Kitambaa changu, nikishaondoa kingo za kiwandani, kinabaki na upana wa inchi 40, kwa hiyo tepe saba zinatimiza 280 barabara. Nakata nane. Viungo vinakula, kona nne zinakula, na anayekata saba hugundua usiku wa manane, kitambaa kile kimeshaisha dukani. Hili nililijua kwa kulia.

Saa 12 na nusu hadi saa 2: watoto, sare, soksi moja isiyoonekana, dawa za mama mkwe, mume wangu anatoka akiahidi kurudi saa 8 tumalizie karavani, ile nyumba yetu ya kukokotwa na gari. Vyombo niliviosha. Au sikuviosha, sikumbuki.

Saa 2 asubuhi nakaa kwenye cherehani. Sindano mpya kwanza. Naibadilisha kila baada ya saa nane hivi za kushona, maana sindano iliyochoka haivunjiki ukajua. Inaanza kuruka mishono na kuvuta nyuzi za kitambaa, nawe unailaumu mashine. Kisha robo inchi. Mshono wa viraka huachiwa robo inchi, milimita sita na ushei, na ugomvi wote wa kazi hii umo humo. Ukizidisha milimita moja tu kila upande, kila mshono unameza milimita mbili. Safu yenye mishono 16 inapungua sentimita tatu na zaidi, wakati safu jirani uliyoishona siku ya utulivu haijapungua kitu. Zikiwekwa pamoja, nyota zinakatwa ncha. Hapo hakuna pasi ya kukuokoa. Unafumua.

Naunga vipande mfululizo bila kukata uzi, vinatoka nyuma ya mashine vimeshikana kama vibendera. Nakata, nafungua, nabonyeza kwa pasi. Nabonyeza, sisugui, kwa sababu kusugua kunavuta kitambaa kikaenda mshazari. Saa mbili hizi ndizo tamu kuliko zote, na kama kila utamu, hazina cha kusimulia.

Saa 4 na robo. Hodi.

Mama mmoja, namfahamu kwa uso tu, amebeba mfuko mkubwa wa plastiki. Baba yake amefariki mwaka jana. Anataka mfarishi wa nguo zake. Namkaribisha, nampa pole, tunamwaga mfuko mezani: mashati 11, fulana tatu, suruali mbili za polista, tai moja ya hariri.

"Fundi, kitambaa nimeleta mwenyewe," ananiambia. "Kwa hiyo hapo ni kushona tu."

Ni kushona tu. Nikavuta pumzi. Nikamweleza kwamba shati halishonwi kama lilivyo, linafumuliwa kwanza, mgongo mbali na mikono mbali, na mashati 11 hayo yatanichukua siku nzima hata kabla sijakata kiraka kimoja. Nikamweleza kwamba fulana inanyumbuka, kwa hiyo kila kipande kitabandikwa kwa pasi kitambaa chembamba chenye gundi kwa nyuma, kisipate kucheza. Kwamba moto wa pasi unaofaa pamba utaiyeyusha ile polista. Kwamba tai ya hariri ina mambo yake peke yake. Akawa anaitikia "mm", "mm", na macho yako kwenye simu.

"Sawa. Jumamosi nitaupata?"

Ilikuwa Jumatatu. Nikamwambia wiki sita. Akacheka, akidhani natania. Alipoona sicheki akaniuliza, kwani muda wote huo ni wa nini? Nikamtajia bei. Hapo ndipo alipokaa vizuri kwenye kiti.

Alianza na blanketi la dukani, kwamba ni kubwa zaidi na lina joto zaidi. Akaja kwa shangazi yake, ambaye zamani alikuwa akishona hivi hivi na hakumtoza mtu. Akarudi kwenye kitambaa, kwamba ni chake. Akasema yeye atanitangaza kwa watu. Jamani, ningekuwa nalipwa kwa kutangazwa, karavani yetu ingekuwa na kuta za dhahabu. Huwa namkumbuka Harriet Powers mtu akinifikisha hapo. Mwanamke huyo alizaliwa utumwani Georgia, Marekani, mwaka 1837, na mwaka 1886 akaupeleka mfarishi wake wa visa vya Biblia kwenye maonyesho. Mnunuzi mmoja akautaka, yeye akakataa bei yoyote. Miaka mitano hivi baadaye shida zikamrudisha kwa mnunuzi yule yule. Aliomba dola 10, akapewa 5. Leo mfarishi ule uko kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington, na nina hakika hakuna anayesimama mbele yake akasema ni viraka tu.

Sikumsimulia hayo. Nilisema, "Dada yangu, siwezi kupunguza," na nikaanza kuyakunja mashati nimrudishie.

Nilipofika kwenye shati la samawati akanishika mkono. "Hili usiukate mfuko." Mfukoni mlikuwa na doa la wino, limetapakaa chini kwenye pindo. Baba yake alikuwa mtu wa kalamu mfukoni, kila siku, na kila siku mama yake alikuwa akigomba. Akasimulia hayo kwa dakika ishirini. Nikasikiliza. Saa yangu ya ukutani nayo ikasikiliza. Mwishoni akatoa nusu ya malipo ya awali, akasema nyingine ataituma, nami nikachukua, kwa sababu ule mfuko wa wino nilikuwa nimeshauona katikati ya mfarishi, mzima, wazi juu, mtu aweze kutia vidole.

Akaondoka. Baada ya nusu saa akarudi, analitaka shati moja la mistari, hajawa tayari. Nikampa. Saa 8 akatuma ujumbe: je, bila lile la mistari, bei inashuka?

Hiyo ndiyo asubuhi yangu ya kutuliza akili. Tepe za ukingo bado zilikuwa zimekaa juu ya meza, nane, sijaunga hata mbili.

Mume wangu alirudi. Kesho alfajiri tunaondoka, saa saba za barabara, nikafundishe darasa la siku mbili, na njiani nimkabidhi mteja mfarishi ule usio na ukingo. Karavani ndiyo chumba chetu cha kulala, ndiyo stoo yangu, na ikipaki ndiyo karakana. Mvua ya wiki iliyopita ilikuwa imeacha unyevu kwenye kabati la juu ya kitanda, na tulikubaliana ni mpira wa dirisha, kazi ya saa moja. Nilikuwa nimechomeka pasi akaniita. "Mke wangu, njoo uone." Sauti ile naijua. Haina habari njema.

Alibonyeza ukuta kwa dole gumba, na dole likazama.

Ngozi ya karavani yetu ni alumini, lakini mifupa yake ni mbao, na mbao zile zilikuwa zimelainika kama mkate uliomwagikiwa maji, eneo la viganja viwili. Dirisha halikuwa na hatia. Tukatoa mpira wa kumwagilia. Ukitafuta mvujo unaanza kumwagia chini, unapanda taratibu, maana ukianzia juu maji yanashuka kote na hutajua yameingilia wapi. Binti yetu alikuwa ndani na tochi. "Bado!" Tunapanda. "Bado!" Tunapanda. "Bado, na nina njaa!" Tulifika juu kabisa, kwenye reli inayoshikilia turubai, ndipo akapiga kelele: yamekuja. Skrubu tatu za reli zilikuwa zimekula kutu, maji yanaingia pale, yanatembea ndani ya ukuta, yanakuja kutokea hatua mbili mbele, juu ya mto wangu.

Kuanzia hapo saa sizijui. Aliyekuwa na karavani kabla yetu alikuwa ameipaka reli nzima silikoni, na juu ya silikoni ya zamani gundi mpya haishiki, lazima ing'olewe yote. Ning'oe na nini? Nikaleta kifumulio changu cha zamani, kile cha kukatia nyuzi, kikaingia kwenye mifereji ya reli vizuri ajabu. Nimefumua mishono maisha yangu yote. Siku hiyo nikafumua gari. Shingo iliuma, vidole viliuma, mama mkwe kutoka kibarazani akawa anauliza kila mara kama tumeshamaliza, na kila mara mume wangu akajibu "karibu, mama", kwa adabu iliyokuwa ikipungua kidogo kidogo. Tukalaza utepe laini wa gundi chini ya reli, tukaweka skrubu mpya, tukajaza matundu gundi ya kuzibia. Ubao uliooza tuliufungulia upande wa ndani upate hewa. "Tutaubadilisha tukirudi," alisema. Mwaka jana maneno hayo niliyasema mimi, juu ya kitu kingine.

Kopo la gundi limeandikwa saa 24 za kukauka. Sisi tulikuwa na saa kumi.

Giza lilikuwa limeingia tukipakia. Watu hawajui uzito wa vitambaa. Majora ya pamba ni mzigo kama vitabu. Safari moja niliyapanga yote nyuma, chini ya kitanda, kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi, na tulipofika mteremkoni karavani ikaanza kutikisa mkia, kushoto kulia, ikilivuta gari nayo. Mume wangu hakukanyaga breki kwa nguvu, aliachia mafuta taratibu mpaka ikatulia, kisha akapaki pembeni tukakaa bila kusemeshana. Sasa majora yanakaa chini, juu ya ekseli, na nyuma unawekwa mfuko wa pamba ya kati, ambao ni mkubwa lakini mwepesi.

Watoto wamelala. Ukingo niliushona kwa mashine upande wa mbele. Upande wa nyuma unamaliziwa kwa mkono, mishono isiyoonekana, inchi 280. Mama mkwe amekaa nami. Macho yake hayatungi tena uzi, kwa hiyo namtungia sindano tano kwa mpigo, nazichomeka kwenye mto wa kiti, naye anaanzia kona yake kuja kwangu. Mishono yake ni midogo kuliko yangu. Hajawahi kulisema hilo na hana haja.

Alipokwenda kulala nilichukua mfarishi nikahamia kwenye karavani, kwa sababu ya ukubwa wa kitanda na kwa sababu nilitaka kuwa karibu na ule ukuta. Zimebaki inchi kama arobaini. Simu imewaka: yule mama, nusu nyingine ya malipo ameituma, na chini yake ameandika kwamba shati la mistari ataleta tukirudi.

Nilikuwa natunga uzi tone la kwanza lilipogonga juu ya paa. Nikazima taa, nikashusha sindano, nikakaa kimya nasikiliza kama litaishia nje.