Kitabu cha Mishahara Kiliniita Kibarua wa Bustani

Kwa miezi 11 nilifanya kazi ya fundi umeme katika hoteli moja ya ufuoni hapa Malindi, huku kitabu cha mishahara kikinitambua kuwa kibarua wa bustani. Nilipokewa Agosti 2022, wakati Waitaliano wamejaa na nyasi zinahitaji maji asubuhi na jioni, nikakubali shilingi 500 kwa siku bila kuuliza lolote, kwa kuwa nilikuwa na umri wa miaka 21 na kazi nyingine sikuwa nayo. Wiki ya tatu pampu ya kisima ilizima. Fundi mkuu alikuwa amekwenda Mombasa kununua vipuri, nami nilikuwa nimesomea umeme mwaka mmoja katika chuo cha ufundi, ingawa mtihani sikuufanya kwa kukosa ada. Nikafungua kisanduku cha swichi, nikakuta kontakta, yaani swichi inayopeleka umeme kwenye pampu, imeliwa na chumvi ya bahari, nikaisafisha, na maji yakarudi. Tangu siku hiyo mpira wa kumwagilia sikuushika tena, lakini malipo yangu hayakusogea.

Desemba nilikwenda kwa ofisa wa wafanyakazi kuomba nyongeza. Nilimweleza kodi ya chumba changu cha Maweni, ugonjwa wa mama na karo ya mdogo wangu, kisha nikamtajia mshahara wa mwenzangu wa jikoni ambaye niliamini hanizidi kwa bidii. Alinisikiliza kwa heshima, akanijibu kwamba kila mfanyakazi ana shida zake na kwamba, kwa kibarua wa bustani, malipo yangu ni ya kawaida. Nilitoka nimeudhika. Baadaye nilikiri moyoni kwamba nilichompelekea ni haja zangu, wala si kazi yangu, na kwamba yeye hakuwa na njia ya kuzipima haja hizo hata kama alinihurumia. Kosa hilo naliona kwa vijana wengi wanaoanza kazi, na linaniuma, maana wakikataliwa mara moja huamini kwamba hawana haki yoyote.

Aliyenifumbua macho ni fundi mkuu, mzee wa Shella ambaye sote tunamwita Ami. Nilimuuliza, "Ami, nimekosea wapi?" Akanijibu, "Mwanangu, hawa hawalipi kazi unayoifanya, wanalipa jina la kazi walilokuandikia. Libadilishe jina kwanza, pesa utazidai baadaye." Akanieleza kwamba serikali hutoa agizo la mishahara lenye kima cha chini kwa kila aina ya kazi, na kwamba humo fundi wamegawanywa katika ngazi nne: asiye na gredi, kisha gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza. Mfanyakazi wa kawaida, pamoja na mtunza bustani, yuko chini kabisa ya orodha hiyo. Kumbe ngazi ya kupandia ilikuwapo siku zote, imechapishwa, nami nilikuwa nimesimama kando yake.

Nililisoma agizo hilo lote, na ninamsihi kila anayeanza kazi alisome. Lililokuwa likitumika wakati huo lilianza Mei 2022, baada ya kima cha chini kupandishwa kwa asilimia 12. Malindi imo katika kundi la miji iliyokuwa na manispaa, ambako mfanyakazi wa kawaida alipaswa kupata shilingi 14,025.40 kwa mwezi, bila kuhesabu posho ya nyumba ya asilimia 15. Mimi, kwa siku 26 za kazi, nilikuwa nikipata 13,000 tu na nyumba najilipia. Kwa maneno mengine, hata bustani yenyewe nilikuwa silipwi ipasavyo, seuze umeme. Binamu yangu wa Lamu alipolisikia hilo alifanya hesabu zake, akagundua kwamba huko, kwa kuwa agizo liliiweka Lamu katika kundi la sehemu nyinginezo, nje ya miji hiyo, kima cha kazi ileile kilikuwa 8,109.90, na sijapata kuelewa kwa nini, maana unga na samli vya Lamu huvuka maji kabla ya kufika dukani na bei yake inajulikana.

Katika ofisi ya kazi hapa mjini nilipata jambo la pili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, haimruhusu mwajiri kumweka mtu katika ukibarua bila kikomo: aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi. Tena mkataba wa miezi mitatu au zaidi ni lazima uandikwe, na ukikosekana, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi humwangukia mwajiri. Mama aliyenihudumia aliniuliza swali moja tu: "Una maandishi gani ya kazi uliyoifanya?" Sikuwa nayo.

Kwa hiyo nilinunua daftari. Kila jioni niliandika tarehe, chumba, hitilafu na nilichofanya: kiyoyozi kilichovuja, breka iliyokatika kila mara kwa sababu ya unyevu, jenereta iliyokataa kupokea mzigo umeme ulipopotea. Nilimwomba Ami atie sahihi mwisho wa kila wiki, naye hakusita. Aprili 2023, mvua za masika zilipoanza na hoteli kubaki na wageni wachache, nilikwenda Mombasa kufanya mtihani wa gredi ya tatu wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani. Nusu ya ada niliilipa kwa akiba ya miezi minne, na nusu nyingine alinikopesha mjomba. Sehemu ya vitendo haikunisumbua, lakini nadharia ilinikesha, kwa sababu mengi niliyajua kwa mikono bila kuyajua kwa majina.

Cheti kilipotoka sikukimbilia ofisini. Nilingoja hadi mwisho wa Juni, wakati hoteli inajiandaa kwa wageni wa Julai na Agosti, na viyoyozi vilivyolala miezi mitatu vinahitaji kufunguliwa kimoja kimoja. Niliandika barua ya ukurasa mmoja. Humo sikutaja kodi wala ugonjwa. Niliandika kwamba kwa miezi zaidi ya tisa ninafanya kazi ya umeme, nikaambatisha nakala za daftari na cheti, na nikaomba niandikwe fundi umeme wa gredi ya tatu, nilipwe kwa ngazi hiyo. Ofisa aliisoma mbele yangu, akamwita Ami, akamuuliza kama ni kweli. Ami alisema, "Bibi, huyu akiondoka leo, mimi peke yangu siwezi kuifungua hoteli kwa wiki mbili." Sitamsahau kwa maneno hayo.

Mkataba waliouleta Julai ulikuwa na mshahara wa msingi uliozidi mara mbili ya 13,000, lakini mambo mawili yalinizuia kutia sahihi siku hiyo. Walitaka niwe katika kipindi cha majaribio cha miezi sita, na waliandika kwamba kazi yangu inaanza siku ya mkataba. Niliwaeleza kwa upole kwamba wamekwisha kunijaribu karibu mwaka mzima, na kwamba tarehe ya kuanza inagusa likizo yangu, ambayo kisheria ni siku 21 za kazi kwa mwaka, na vilevile malipo ya utumishi nikiondoka. Majaribio waliyafuta. Tarehe waliirudisha Agosti 2022. Tofauti ya mshahara wa miezi iliyopita walikataa kuilipa, nami nikaiacha. Sheria inampa mtu miaka mitatu kupeleka madai kama hayo mahakamani, na Mahakama ya Ajira na Uhusiano wa Kazi inasikiliza kesi hapa hapa Malindi, lakini nilipima, nikaona wakati ule ngazi ina faida kwangu kuliko kesi. Mwingine angeamua vinginevyo na asingekuwa amekosea.

Kuhusu gredi ya pili nilijifunza kuuliza mapema. Kila mwajiri hutozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, ambazo huenda kwa mamlaka hiyo hiyo ya mafunzo, na anaweza kurudishiwa gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa kabla hayajaanza. Nilimwonyesha ofisa, ambaye hakuwa amewahi kuitumia njia hiyo, na hoteli ikalipa ada yangu. Nilifaulu mwaka 2025, na hati yangu ya mshahara ilibadilika mwezi uliofuata, kwa kuwa safari hii tulikubaliana hivyo kwa maandishi kabla sijakwenda Mombasa.

Ami anastaafu mwakani. Nafasi yake inataka gredi ya kwanza, na barua yangu ya kuuliza masharti yake iko mezani kwa ofisa tangu wiki iliyopita, pamoja na daftari la tatu.