Jinsi nilivyoondoa mtetemo wa usukani baada ya kufunga rimu na tairi kubwa kwenye Hilux

Baada ya kubadili tairi za 265/65R17 za Toyota Hilux na kufunga 265/70R17 juu ya rimu zisizo za kiwandani, usukani ulitetemeka kila mwendo ulipokaribia kilomita 90 kwa saa. Tairi zilisawazishwa upya na magurudumu yakapangwa pembe zake (alignment), lakini hali haikubadilika.

Tiba ilikuwa kwenye nati. Nati za rimu za alumini za kiwandani zina shingo iliyonyooka na washa bapa, ilhali matundu ya rimu mpya yamechongwa kwa mteremko wa koni, kwa hiyo nati za zamani zilikaza bila kuiweka rimu katikati. Nilinunua nati za koni zenye uzi wa M12 x 1.5 (kipenyo cha milimita 12, hatua ya uzi milimita 1.5), pamoja na pete za kuziba nafasi kati ya tundu la rimu, lenye milimita 110, na habu (kitovu cha gurudumu) ya milimita 106.1. Nilikaza nati kwa kupishana, moja kisha ya upande wa pili, gurudumu likiwa bado hewani, jambo ambalo kwa haraka za gereji husahaulika, kisha nikamalizia kwa spana ya kipimo (inayoonyesha nguvu ya kukaza) gari likiwa limeshushwa.

Mtetemo umekwisha. Kipenyo cha tairi kimeongezeka kwa takriban asilimia 3.4, hivyo spidomita sasa husoma chini kidogo kuliko awali.