Jinsi nilivyopata chama cha bangi katika mji mdogo Ujerumani

Hapa Ujerumani vyama vya kulima bangi vimeruhusiwa tangu Julai 2024, lakini kwenye mji mdogo kama wetu hutakiona hata kimoja. Sheria imekataza matangazo, kwa hiyo hakuna bango wala kipeperushi. Wengi hukata tamaa hapo na kurudi kwa wauzaji wa mitaani. Inaniuma, maana hao hawakuambii kilichomo.

Kilichonisaidia ni daftari la vyama la serikali. Liko wazi mtandaoni, bure. Niliandika neno „Anbau“, yaani kilimo, nikapanua utafutaji hadi wilaya jirani. Kikajitokeza chama kilichosajiliwa. Nikawaandikia kuuliza kama wamepata kibali cha kulima (usajili peke yake hautoshi) na kama nafasi ipo, kwa sababu chama hakiruhusiwi kuzidi watu 500.

Walitaka kitambulisho na hati ya makazi. Lazima uwe umeishi nchini angalau miezi 6. Uanachama hauwi chini ya miezi 3, na huwezi kuwa kwenye vyama viwili. Pia unashiriki kazi shambani, si kulipa ada tu.

Pakiti haina mapambo: uzito, tarehe ya mavuno, aina, kiwango cha THC (kemikali inayolevya) na CBD (isiyolevya). Kikomo ni gramu 50 kwa mwezi. Kwa walio chini ya miaka 21 ni gramu 30. Ndugu zangu, msiibebe mkisafiri kwenda nyumbani. Kenya na Tanzania ukikutwa nayo ni jela.