Kaseti ya 4, upande B: mvumo niliokuwa naufuta ndio uliokuwa na dawa

Saa tisa kasorobo usiku, na kaseti ya 4 imekaa sawa. Wiki tano nimehangaika nayo. Naandika kabla sijalala maana kesho nitasahau nusu ya nilichofanya.

Ni moja ya kaseti sita alizorekodi baba chumbani kwake Lincoln, Nebraska, alipokuwa anasomea kilimo. Redio mezani iko kwenye kituo cha KFAB, kilohezi 1110, na pembeni yake redio-kaseti inarekodi kwa maikrofoni yake ya ndani. Ndiyo maana katikati ya mechi unasikia kiti kinasogezwa, mlango, mtu anakohoa. Alirudi nazo Morogoro 1984, nami nimekua nazo. Simba na Yanga nilizijua kama kila mtoto wa mtaani kwetu, lakini kabla sijajua kusoma nilishajua Turner Gill, Mike Rozier na Irving Fryar, wachezaji wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Nebraska. Mpaka leo mimi ni wa Nebraska. Mechi ya saa tano asubuhi ya Lincoln hunikuta saa moja jioni, hiyo ni raha. Ya usiku hunikuta saa nane na nusu, na naamka.

Kaseti ya 4 ni Orange Bowl, mechi kubwa ya kufunga msimu wa vyuo, ya tarehe 2 Januari 1984, Nebraska na Chuo Kikuu cha Miami. Nebraska wameshinda mechi zote 12 za msimu, ni namba moja nchini, na bado Miami wanawatangulia 17-0. Wanarudi polepole. Rozier, aliyekuwa amechukua Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, msimu uleule, anaumia kifundo cha mguu. Zimebaki sekunde 48, jaribio la nne ambalo ndilo la mwisho, zinatakiwa yadi 8, na Jeff Smith wa Nebraska anakimbia yadi 24 mpaka ndani ya eneo la kufungia. Miami bado mbele, 31-30. Teke moja tu la pointi moja lingeleta sare, na sare pengine ingetosha kuwapa ubingwa. Kocha wa Nebraska, Tom Osborne, akaikataa sare, akataka pointi mbili za kushinda. Gill akarusha, Kenny Calhoun wa Miami akaugusa mpira, ukapotea. Baba alikuwa anaisimamisha kaseti hapohapo anatuambia Osborne alifanya sawa. Naamini hivyo kwa moyo wote. Ubingwa wa 1994, 1995 na 1997 ulikuja baadaye na niliufurahia sana, lakini mechi ninayoibeba ni hii waliyofungwa.

Sasa, mpira ukishaanguka, mtu aliyemo chumbani anasema kwa Kiswahili: "Jamani. Jamani." Ni baba, ana miaka 26. Nilipoicheza kwenye deki yangu ile sauti haikuwa ya baba. Ilikuwa nzito, ya kuvuta, kama ya mzee aliyeamshwa usingizini. Baba ametutoka miaka sita iliyopita, na sina rekodi nyingine ya sauti yake ya ujanani. Kwa hiyo msiniambie asilimia tano ya spidi iliyopungua si kitu.

Nilianza na mkanda wa mota. Ule wa zamani ulikuwa umelegea, nikaweka mpya. Nikasafisha gurudumu la mpira na kijiti cha chuma kinachovuta utepe kwa spiriti na pamba (kaseti za kusafishia sizitaki, zinakwangua kichwa na hazifiki panapotakiwa). Nikazungusha skrubu ya spidi mpaka mtangazaji akawa mtu wa kawaida. Dakika tano baadaye akawa anaburuza tena. Nikirekebisha mwisho, mwanzo unakuwa wa kasuku. Kosa halikuwa moja, lilikuwa linatembea: kadiri utepe unavyohamia gurudumu la pili, spidi inabadilika. Skrubu haiwezi kutibu kitu kinachotembea. Nilijaribu pia kukata faili vipande vya dakika moja moja kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, na kunyoosha kila kimoja kwa sikio. Siku nne za maisha yangu zilipotea hapo.

Muda wote huo kitu cha kwanza nilichokuwa nafanya kwa kila faili ni kuondoa mvumo wa umeme. Kichujio kipana cha hezi (mitetemo kwa sekunde) 50, 100, 150, kinachokula na majirani zake, bila kufikiri, ndivyo nilivyojifunza. Jumanne nilisahau kukiweka, nikafungua spektogramu, ile picha inayoonyesha kila sauti iko hezi ngapi. Mistari miwili. Mmoja hapo 100, umenyooka kama rula: huo ni umeme wa nyumbani kwangu, hezi 50 mara mbili, ukipitia deki. Mwingine uko 114, unapanda hadi 115, unashuka 113, unayumba kama mlevi. Niliutazama kama robo saa nikidhani mota imekufa. Kisha nikakumbuka Marekani umeme wao ni hezi 60. Mara mbili yake ni 120.

Ule ni umeme wa Lincoln. Umo ndani ya utepe tangu usiku ule, na umeme wa gridi hauhami kwenye 60 yake isipokuwa kwa kiasi kidogo mno. Popote mstari unapokaa 114, pale kaseti inakwenda taratibu kwa asilimia tano, karibu nusu toni. Rula nilikuwa nayo wiki tano, na faili mbili za kwanza nimeifuta kwa mkono wangu mwenyewe. Hizo nitazirekodi upya.

Niliandika programu fupi kwa lugha ya Python: itafute kilele kati ya 110 na 124 kila nusu sekunde, ilainishe, kisha inyooshe sauti mpaka kilele kikae 120. Ilifanya kazi vizuri ajabu mpaka zile sekunde 48. Uwanja mzima unapiga kelele, mstari unamezwa, programu inaanza kubahatisha, na sauti inalewa palepale ninapopataka. Usiku mbili nyingine. Mwishowe niliacha kutegemea mstari mmoja, nikaipa 120, 240 na 360 kwa pamoja. Ukizama mmoja, mwingine unaonekana. Ndiyo iliyokubali leo.

Nilipanga kaseti ya 5 ifuate, na kuchapa lebo mpya za makasha. Lebo ziache kwanza. Nimepata wazo la kuchora kila mchezo wa mechi hii kwenye karatasi ya uwanja, yadi kwa yadi, ili mpwa wangu aifuate kaseti akiwa anaona. Robo ya nne nimeshaichora.

Saa tatu asubuhi: nimemchezea mama kwenye simu. Alipoisikia "Jamani" akasema rudisha. Nimerudisha mara nne. Halafu akauliza kaseti gani nyingine anasikika. Ya 2, upande A, anakohoa tu na kufunga dirisha. Naianza leo jioni.