Mstari wa lengo uweke kwenye siku, sio kwenye pointi

Kama una timu ya madevelopa na umewachorea mstari wa lengo kwenye chati ya velositi, yaani pointi timu inazomaliza kila sprinti (kipindi kifupi cha kazi, mara nyingi wiki mbili), tafadhali ufute leo leo.

Pointi za stori, yaani namba za kuonyesha ukubwa wa kila kazi, timu inajikadiria yenyewe, hazipimwi kwenye mizani kama kilo za sukari. Sasa ukimwambia mtu nataka pointi 40 kila sprinti na yeye ndo anayesema hii kazi ina pointi ngapi, unategemea nini? Kazi ya 3 itaitwa 5, ya 5 itaitwa 8, chati inapanda vizuri kabisa na mteja bado anasubiri kitufe chake kile kile cha malipo. Na hawa watu sio waongo, wamebanwa tu. Mchumi wa Uingereza Charles Goodhart alishaliona hili mwaka 1975 akiongelea sera za fedha, kwamba namba ukishaanza kuitumia kubana mambo inaacha kukuonyesha hali halisi.

Mimi mstari naupenda sana, ila nautaka kwenye chati ya siku, yaani tangu kazi ianze kushikwa mpaka imfikie mtumiaji. Siku iko kwenye kalenda, hakuna wa kuikadiria.

Unaupataje? Chukua tiketi (kazi mlizoandikisha) 20 za mwisho zilizoisha, andika kila moja ilikula siku ngapi, zipange kuanzia fupi mpaka ndefu, halafu hesabu mpaka ya 17. Ikiwa ya 17 ilikula siku 9 basi mstari wako ni 9, maana yake asilimia 85 ya kazi zenu zimekuwa zikiisha ndani ya siku 9. Wengi wanakimbilia wastani, aisee wastani hapa haufai, kazi nyingi zinaisha siku 2 au 3 halafu kuna moja imelala mwezi mzima inaivuta namba yote, na wewe umeshamuahidi mteja namba ambayo haifanani na kazi yoyote iliyowahi kufanyika.

Huo ndo mstari wa mlipo. Wa mnapotaka kufika uchoreni pembeni kwa rangi nyingine na msiichanganye hii miwili. Mwanatakwimu Walter Shewhart alipochora chati zake za udhibiti, za kuonyesha kazi ikitoka nje ya kawaida yake, kule kampuni ya vifaa vya simu ya Western Electric, Marekani, mwaka 1924, mipaka ilitoka kwenye data ya kazi yenyewe, sio kwenye matamanio ya bosi. Bosi akitaka siku 5 na data inasema 9, kuongeza vikao hakushushi kitu. Kinachoshusha ni kupunguza kazi zilizofunguliwa kwa mpigo. Mtafiti wa Marekani John Little alilithibitisha kihesabu mwaka 1961: kazi mlizonazo mkononi, gawa kwa zinazoisha kwa siku, unapata wastani wa muda kila kazi inakaa. Mna 12 mkononi mnamaliza 2 kwa siku, basi ni siku 6. Shusheni ziwe 8, kasi ikibaki ile ile, siku 4, hujaajiri mtu wala hujamkeshesha mtu ofisini.

Halafu mstari usiwe wa kuangalia mwisho wa sprinti tu wakati kazi imeshachelewa, ulete kwenye standapu, kile kikao kifupi cha timu cha kila asubuhi. Tiketi ikifika siku ya 7 na mstari uko 9, iongeleeni kabla ya zote, na swali liwe imekwama wapi, sio nani kachelewesha. Mara nyingi utakuta inasubiri mtu wa kupitia kodi (code, maandishi ya programu), au majibu ya API (njia ya programu moja kuongea na nyingine) kutoka benki, na aliyeiandika alishamaliza sehemu yake siku nyingi, kwahiyo ukimkaba yeye unamuonea bure.

Na msiuache mstari umeganda mwaka mzima. Kila miezi mitatu hivi hesabuni upya kwa tiketi mpya, na timu ikipata mtu au ikipoteza mtu msisubiri hata hiyo mitatu, maana zile 20 za zamani zilifanywa na timu nyingine.