Nilikesha usiku, mwizi akaingia saa kumi alasiri

Wiki iliyopita dada mmoja wa jumuiya yetu, muuguzi wa zamu za usiku, aliniambia huku analia kwamba ameshauriwa afunge na kukesha siku 21 ili aishinde hasira anayowamwagia wagonjwa. Nilinyamaza kwanza, maana moyo ulinipanda. Ushauri wa namna hiyo nilipewa mimi miaka sita iliyopita, na ulikaribia kunimaliza.

Nina duka la vyombo hapa Bukoba: ndoo, sufuria, chupa za chai. Wakati ule nilikuwa pia mweka hazina wa kwaya, na michango ya sare ilitumwa kwenye laini yangu ya simu kwa kuwa wote waliniamini. Siku moja nilipungukiwa fedha ya mzigo. Nikachukua 60,000 ya kwaya, nikairudisha Jumamosi kabla ya mazoezi, hakuna aliyejua. Mara ya pili nilichukua zaidi, nikachelewa kurudisha. Na mwezi huohuo mimi ndiye niliyeongoza maombi kwenye mkesha wa Ijumaa, watu wakasema wameguswa.

Dhamiri ilinichoma. Nikamwendea ndugu mmoja wa kikundi cha maombi, nikamwambia nina udhaifu unaonirudia. Hakuuliza udhaifu gani, nami sikusema. Akanijibu palepale: "Dada, umepunguza kukesha. Shika siku 40, kila usiku saa sita mpaka saa tisa, adui atakimbia mwenyewe."

Nikashika. Niliweka beseni la maji ya baridi chini ya meza, miguu ndani, na kahawa za kutafuna nimezifunga kwenye pindo la kanga. Usingizi ukizidi nilitoka barazani hata kama mvua inanyesha. Mume wangu aliniuliza kama naumwa. Kufika usiku wa kumi nilikuwa naimba peke yangu gizani, machozi yananitoka, nikajiona niko mlimani kabisa pamoja na Bwana. Mchana, hata hivyo, nilikuwa narudisha chenji vibaya na kuwafokea watoto kwa kikombe kilichomwagika. Chakula cha mchana niliacha, nikihesabu kuwa ni nyongeza ya kufunga.

Siku ya 26, saa kumi alasiri, mfanyabiashara wa jumla akanipigia kutoka Mwanza: "Mama, meli inapakia sasa hivi. Zile sufuria bei imeshuka, leo tu." Sikuwaza hata dakika moja. Nilituma kama 150,000 ya kwaya, vidole vinaijua njia. Usiku ule niliamka saa sita kama kawaida, nikatia miguu kwenye beseni, nikaomba vizuri sana. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Saa tatu nzima za maombi, na fedha ya kwaya haikunijia akilini hata mara moja.

Sufuria zilifika, hazikutoka. Fundi wa sare akaanza kudai malipo ya awali.

Nikaenda kijijini kwa Bibi, mzaa mama. Bibi ni mlokole wa zamani, mtoto wa ule uamsho uliowaka Gahini kule Rwanda miaka ya 1930, ukapita Uganda mpaka ukaingia huku kwetu Buhaya. Watu wale walifundishwa kutembea nuruni, kama inavyosema 1 Yohana 1:7. Dhambi walikuwa wanaitaja kwa jina lake mbele ya wenzao, na cha watu wakakirudisha. Nilimweleza yote, na beseni pia. Hakuniuliza naomba saa ngapi kwa siku. Aliuliza: "Mjukuu wangu, hilo jambo hukujia saa ngapi?"

Nilikaa kimya muda mrefu. Mara zote ilikuwa alasiri, duka limepoa, sijala, nimechoka, niko peke yangu na simu. Nilikuwa nimeweka ulinzi mkali kwenye mlango ambao mwizi hakuwahi kuupita.

Bibi akanisomea Mathayo 25, mfano wa wanawali kumi, akasimama kwenye mstari nilioupita mara nyingi bila kuuona: bwana arusi alipokawia, wote walisinzia wakalala. Wote kumi, hata wale watano wenye busara. Waliotofautiana walitofautiana kwa mafuta, na mafuta hutafutwa maduka yakiwa wazi. Kisha Marko 13, pale Yesu anapotaja zamu za usiku: jioni, usiku wa manane, jimbi awikapo, na asubuhi. Kila mtu, alisema Bibi, ana zamu yake inayomlemea. Petro alijiamini jioni mezani, akaanguka kabla jogoo hajawika. Daudi alianguka wakati wa jioni ameamka kitandani, majira ambayo wafalme wenzake wako vitani.

Baada ya hapo akasema, "Sasa nenda kwa mwenyekiti wa kwaya." Nilitamani anipe siku nyingine 40 badala ya hilo. Nilienda, nikasema kiasi na tarehe. Niliuza friji ya soda ya dukani kwa bei ya hasara, nikajazia na akiba ya ada ya mtoto, nikalipa yote. Uweka hazina nilivuliwa, na ilikuwa haki. Mume wangu naye nilimwambia, na huo ndio usiku niliolala vizuri kuliko mwezi mzima uliotangulia.

Watu huuliza sasa nafanya nini. Saa kumi kasorobo kengele niliyoitega kwenye simu inalia. Nafunga ubao mmoja wa mlango, nakula kitu, hata kama ni ndizi mbili na chai, kisha nasali Baba Yetu polepole nimesimama, na kwenye "usitutie majaribuni" natamka jaribu lenyewe kwa jina. Dakika tano hazifiki. Fedha za watu hazikai tena kwenye laini yangu. Nilipoombwa kushika mchango wa msiba nilikubali kwa sharti la kuwa wawili. Mtu mmoja aliniambia huko ni kukosa imani, nimtegemee Roho. Nilimwonyesha Nehemia 4:9, walimwomba Mungu na wakaweka walinzi, mambo mawili katika mstari mmoja.

Kitu kilichonisaidia kuliko vyote nilikigundua mwenyewe, nacho ni neno "tu". Leo tu. Kidogo tu. Mara moja tu. Nitarudisha tu. Nilipoandika kwenye daftari maneno niliyojiambia kila mara kabla ya kuanguka, "tu" ilikuwemo katika yote. Tangu hapo nikijisikia naisema, au nikiisikia kwa mtu anayeniharakisha, naacha ninachofanya. Hata ukiwa umesinzia sikio linaweza kulinasa neno fupi kama hilo. Daftari hilo bado ninalo. Naandika mstari mmoja kwa siku, kitu nilichotamani ambacho nisingependa mume wangu akione, na Jumamosi namsomea dada mmoja wa kwaya, naye ananisomea lake.

Mkesha wa Ijumaa bado naupenda, msinielewe vibaya. Naenda mara moja kwa mwezi, na mchana wake nalala kwanza. Gethsemane Bwana aliwauliza wanafunzi kama hawakuweza kukesha naye hata saa moja, na saa moja ya mtu mzima, aliyekula na asiyeficha kitu, nimeona ina nguvu kuliko zile tatu zangu za beseni.

Yule muuguzi nilimwambia aje na ratiba yake ya zamu. Tuliiweka mezani, akaanza kukumbuka mgonjwa mmoja mmoja aliyemfokea. Karibu wote walikuwa saa kumi na moja alfajiri, akiwa hajala tangu jioni, anamalizia vipimo vya joto kabla ya kukabidhi wodi. Tumekubaliana awe na chapati kwenye mkoba, na kesho saa kumi na nusu alfajiri nitampigia simu tusali Baba Yetu, yeye akiwa koridoni.