Basi la Kwenda Uchiura

Uchiura ni ukanda wa vijiji vya wavuvi na wakulima wa machenza, kusini mwa mji wa Numazu katika mkoa wa Shizuoka, pale rasi ya Izu inapoanza kuchomoza baharini. Nilipafahamu kabla sijakanyaga Japani, kwa sababu ya anime, yaani katuni ya Kijapani, iitwayo Love Live! Sunshine!!, iliyoanza kurushwa mwaka 2016 na kuendelea na msimu wa pili mwaka 2017. Wasichana tisa wa sekondari ya kijijini wanaunda kikundi cha muziki, Aqours, huku shule yao ikikabiliwa na kufungwa kwa kukosa wanafunzi. Niliitazama kwa simu nikiwa Tanga. Nyimbo zilinipendeza, lakini kilichonikamata hasa ni ile bahari. Waliochora walijua maji ya ghuba yanavyotulia jioni, walijua ngazi za zege zinazoshuka mchangani, na walijua jinsi kijiji kinavyonyamaza vijana wanapokwenda mjini.

Masomo yaliponipeleka Tokyo, safari hii niliiweka kiporo hadi Februari, kwa kuwa majira ya baridi ndiyo anga huwa safi. Sikupanda treni ya mwendo kasi. Nilipanda ya kawaida ya njia ya Tokaido, nikabadilisha Atami, na tangu Odawara nilikaa upande wa kushoto nikiitazama bahari. Baada ya Atami treni huingia handaki la Tanna, karibu kilomita nane gizani. Lilichimbwa kuanzia 1918 hadi 1934, na wafanyakazi 67 walipoteza maisha humo. Unatoka upande wa pili, vituo vichache tu, Numazu hii hapa.

Mji umeipokea anime ile waziwazi. Mifuniko ya mashimo ya maji barabarani ina sura za wale wasichana, maduka yamebandika picha zao vioo vizima, na baadhi ya mabasi yamechorwa kuanzia mbele hadi nyuma. Kabla ya kupanda basi nilishuka bandarini. Harufu iliyonipokea ni ya ng'onda. Numazu inasifika Japani nzima kwa samaki waitwao aji, jamii moja na kolekole, wanaopasuliwa, wakatiwa chumvi na kuanikwa. Nilikula mmoja aliyechomwa, na wali na supu, nikashiba kama niliyekula nyumbani.

Hapo bandarini pana jumba la samaki wa vilindini, lililofunguliwa mwaka 2011. Limewekwa pale kwa sababu ghuba ya Suruga ndiyo yenye kina kirefu kuliko zote Japani, hadi kama mita 2,500. Nilipanda ghorofani nikakutana na silikanti, samaki wa kale wa vilindini, waliogandishwa, waliotoka Komoro. Nilisimama mbele ya kile kioo muda mrefu kuliko wageni wengine wote. Samaki huyu ni wa maji yetu. Wavuvi wa pwani ya Tanga walianza kumnasa kwenye jarife miaka ya 2000, na mwaka 2009 ikatengwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Sikutarajia kumkuta Numazu, na kwa kweli nilifarijika, maana nilikuwa mbali sana na kwetu.

Basi la Uchiura huondokea mbele ya stesheni. Unapanda, unachukua tiketi ndogo yenye namba, na nauli yako inapanda kwenye ubao ulio juu ya dereva kadiri mnavyosonga. Ndani walikuwamo bibi watatu na mifuko ya sokoni, na vijana wawili waliojaza beji za Aqours kwenye mabegi yao. Bibi mmoja aliwauliza wametoka wapi. Wakamtajia. Akaanza kuwaelekeza mahali pa kushuka na duka lenye keki nzuri, kwa ukarimu wa mtu anayepokea wajukuu wa jirani.

Baada ya nusu saa hivi barabara inakutana na bahari, na kisiwa cha Awashima kinatokea, kimepanda juu kama chungu kilichofunikwa. Katika hadithi ndipo ilipo nyumba ya Kanan, mmoja wa wale tisa, ambaye familia yake ina duka la vifaa vya kuzamia, na kule juu kuna hekalu ambalo wasichana hupanda ngazi zake mbio wakifanya mazoezi. Mbele kidogo ni kijiji kiitwacho Mito. Nilishuka hapo.

Pwani ya Mito ni fupi, ya mchanga wa kijivu. Ukisimama ukatazama kaskazini, Awashima iko kuliani na mlima Fuji umekaa juu ya maji, mita 3,776, mweupe nusu nzima. Hapa ndipo, katika anime, Riko, mgeni kutoka Tokyo, anapotaka kujirusha baharini mwezi Aprili kwa sababu anatafuta sauti ya bahari aitungie muziki. Chika, msichana aliyeanzisha kikundi, anamng'ang'ania asiruke, na wote wawili wanaishia majini. Nilichovya mkono nikajua kwa nini Chika alipiga kelele. Maji yale yanauma.

Nyuma ya pwani ipo nyumba ya wageni ya zamani, Yasudaya, ambayo ndiyo iliyochorwa kuwa nyumbani kwa Chika. Mwandishi Osamu Dazai alikaa humo mwaka 1947 akiandika sehemu ya riwaya yake. Kwa hiyo wageni wanaokuja kwa ajili ya hadithi si jambo geni hapo.

Shule yenyewe sikuifikia. Shule halisi iliyotumika kuwa mfano ipo juu ya rasi ya Nagaisaki, watoto wanasoma humo, na wageni wanaombwa wasiingie. Niliitazama kutoka chini barabarani nikatosheka. Na hapo ndipo ninapotaka kusema kwa nini naiheshimu anime hii. Katika msimu wa pili wasichana wanaambiwa kwamba shule itapona ikipata waombaji 100 wa kujiunga nayo kabla ya saa 11 alfajiri. Wanakesha wakitazama namba. Muda unakwisha, namba imesimama 98. Watunzi wangeweza kuwapa wale wawili waliobaki, na sisi watazamaji tungelia kwa furaha. Hawakuwapa. Shule inafungwa, na wasichana wanalivuta lango kwa mikono yao wenyewe. Japani mamia ya shule hufungwa kila mwaka, nyingi za vijijini kama hivi, na mzee wa Uchiura angeiona mara moja hadithi inayomdanganya.

Nilitembea kuelekea Nishiura, barabara ikifuata kila kona ya ghuba. Upande mmoja ni maji na vizimba vya kufugia samaki, upande wa pili miteremko yenye kuta za mawe na michenza imepangwa ngazi kwa ngazi. Kila baada ya hatua kadhaa pana kibao kinachoonyesha uko mita ngapi juu ya usawa wa bahari, na njia ya kukimbilia tsunami ikija. Aina ya chenza inayojivuniwa huku inaitwa Jutaro, iliyogunduliwa hukohuko Nishiura mwaka 1975. Huvunwa, ikahifadhiwa ghalani kwa wiki nyingi hadi ukali upungue, ndipo ikatolewa kuuzwa. Nilinunua mfuko kwenye kibanda kisicho na muuzaji, unatumbukiza sarafu kwenye kopo unachukua. Utamu wake ni mzito, na mimi nimekulia karibu na Muheza, kwenye machungwa mengi, sisifii chenza ovyo.

Niliporudi Mito niliingia ofisi ya taarifa za wageni. Rafu zimejaa michoro, wanasesere na madaftari ambayo wapenzi wa anime huandika majina na walikotoka: Taiwan, Korea, Thailand, Brazili. Mama aliyekuwapo alinipa kalamu, nikaandika Tanga. Akaniomba nimwonyeshe kwenye ramani. Alipoona kwamba nako ni pwani, aliuliza kwanza tunavua nini, kisha kama vijana wanabaki.

Nikamwambia wengi huenda Dar es Salaam.

"Hapa wanakwenda Tokyo," akasema. "Ila yule alikuja."

Alinyoosha kidole kwa kijana aliyekuwa akipanga maboksi mlangoni. Alitoka Osaka, alikuja mara ya kwanza kwa ajili ya anime, akawa anarudi rudi, mwishowe akapanga chumba Numazu. Sasa hufanya kazi mjini, na msimu wa mavuno ukifika huja kuwasaidia wakulima ambao watoto wao wameondoka. Nilimuuliza ni nani kati ya wale tisa aliyemleta. Alitaja You, binti wa nahodha. Halafu akaniomba radhi, maboksi yalikuwa yanasubiriwa na lori, nami nikavua koti nikamsaidia kupakia yaliyobaki.